Kugeuza jiko la gesi la kuchomea kuwa jiko la bamba: njia tatu zikiwekwa bega kwa bega

Wavu wa jiko la kuchomea unakifaa kipande kinene cha nyama kuliko kitu kingine chochote. Shida huanza siku unapotaka kukaanga yai. Vitunguu vilivyokatwa vyembamba vinapenya katikati ya vyuma kimoja kimoja mpaka nusu yake iko kwenye moto, samaki laini ananata na kuacha ngozi yake hapo, na unga mwepesi wa kumimina huwezi hata kuuwaza. Hapo ndipo wengi huanza kutafuta namna ya kupata uso bapa wa chuma juu ya jiko lilelile walilo nalo.

Njia ziko tatu. Ya kwanza ni kuweka bamba dogo juu ya wavu, likafunika sehemu tu ya jiko. Ya pili ni kuutoa wavu wote na kuweka bamba zima mahali pake, ama lililotengenezwa kwa ajili ya jiko la aina yako, ama lililokatwa na fundi kwa vipimo vyako. Ya tatu ni kuliacha jiko la kuchomea lilivyo na kununua jingine lililoundwa kuwa la bamba tangu mwanzo. Nimepika kwa zote tatu, na kila nikiombwa ushauri swali la kwanza huwa ni la chuma: kipi bora, cha kusubu (kilichomiminwa kwenye kalibu) au cha pua (kile cha kawaida cha mafundi, si stenlesi), na kiwe na milimita ngapi? Ni swali zuri, lakini zamu yake ni ya tatu. Kabla yake kuna mawili: hewa ya moto itatokea wapi, na mafuta yatashukia wapi. Ukishayajibu hayo, njia yako imekaribia kujichagua yenyewe.

Vipimo tutakavyotumia

Hewa naiweka mbele kwa sababu ndiyo isiyoonekana. Kichomeo cha gesi huvuta sehemu ya hewa yake pale gesi inapoingia kwenye bomba, na iliyobaki huichukua pembeni mwa ndimi za moto. Hewa iliyokwisha kuungua lazima ipate pa kutokea, na katika jiko la kuchomea njia yake ni matundu ya wavu pamoja na uwazi wa nyuma. Ukiyaziba matundu hayo, joto halipotei, linatafuta mlango mwingine. Mara nyingi mlango huo ni wa mbele, kwenye swichi, au chini kwenye mpira wa gesi. Moto nao ukikosa hewa hubadilika kutoka buluu kuwa wa njano, bamba linashika masizi kwa chini, na hewa ya monoksidi ya kaboni inaongezeka. Hewa hiyo haina rangi wala harufu, na inaua. Kwa hiyo yote nitakayosema hapa ni ya jiko lililoko nje, si baraza iliyofungwa wala gereji yenye mlango nusu wazi.

Nililijifunza hili kwa mkono wangu. Mara ya kwanza nilifunika wavu wote kwa bamba moja lililolala kikamilifu, pembe kwa pembe, nikafurahi jinsi lilivyotoshea. Baada ya dakika kumi hivi nikataka kupunguza moto. Swichi ya katikati ilikuwa imelainika, vidole vyangu vikaacha alama mbili kwenye plastiki. Nilipoinama kuchungulia nikaona ndimi ndefu za njano zikitambaa kuelekea kwangu chini ya ukingo wa mbele. Nilifunga mtungi, nikasubiri chuma kipoe, nikalivuta bamba mbele na kuacha uwazi wa vidole vinne kwa nyuma. Moto ukarudi kuwa buluu. Swichi nilibadilisha, ila alama zile sijazisahau.

Mafuta ni kipimo cha pili. Kwenye wavu, mafuta ya nyama hudondoka, yanagonga vile vibati vya pembe vilivyo juu ya vichomeo, mengine yanaungua na mengine yanateleza hadi kwenye trei. Kwenye bamba hayadondoki popote. Kilo moja ya nyama ya kusaga yenye mafuta asilimia 20 ina gramu 200 za mafuta, na sehemu kubwa ya hayo itatoka na kuzagaa juu ya chuma. Yakipata mfereji na tundu lililo juu ya trei, ni usafi wa dakika mbili. Yakimwagikia ukingoni yanaangukia kichomeo, na hapo una moto wa mafuta ndani ya jiko. Moto huo hauzimwi kwa maji. Funga gesi, na kama unaweza kufanya hivyo bila kujiunguza, unyime hewa.

Cha tatu ni joto lenyewe: linapanda kwa kasi gani na limeenea sawasawa kiasi gani. Ile rangi ya kahawia na harufu tunayoitafuta kwenye nyama inatokana na mabadiliko ambayo mkemia Mfaransa Louis Camille Maillard aliyaeleza mwaka 1912, na huenda kwa kasi uso wa chakula ukifika nyuzi 140 za Selsiasi hivi na kuendelea. Yai linataka bamba la nyuzi 150 hadi 170. Nyama ya kubana, yaani ya kukandamizwa kwenye chuma ishike rangi, inataka 200 na zaidi. Bamba lisiloweza kushika viwango hivyo viwili, ama kwa nyakati tofauti ama katika pande zake mbili, litakuudhi.

Viwili vilivyobaki ni vyepesi kueleza: ni kazi gani kurudi kwenye wavu siku unapoutaka, na uzito pamoja na utunzaji, yaani kubeba, kusafisha na kupambana na kutu.

Njia ya kwanza: bamba dogo juu ya wavu

Kwa upande wa hewa hii ndiyo njia tulivu kuliko zote. Bamba likifunika nusu ya wavu, nusu nyingine inapumua. Mimi huacha angalau theluthi moja ya eneo lote wazi, na silisukumi bamba mpaka ligote ukuta wa nyuma, kwa sababu uwazi wa nyuma ndio hewa ya moto inakopenda kutokea. Lililaze kwa urefu juu ya kichomeo kimoja au viwili, si kwa kukatisha vyote.

Kwenye mafuta ndipo linapoyumba. Mabamba mengi madogo yana kijimfereji cha kuzunguka lakini hayana tundu, kwa hiyo mafuta yanajikusanya mpaka uyachote mwenyewe. Kwa mayai, mboga na mkate wa kuchoma hilo halina shida. Kwa nyama yenye mafuta utajikuta kila baada ya dakika chache umeshika koleo na karatasi ya jikoni unafyonza pembe za bamba, na kama umelemewa na wageni utasahau. Bamba lisilo na ukingo kabisa usilinunue, hata liwe la chuma kizuri namna gani.

Joto linapanda polepole, maana bamba limekaa juu ya wavu na wavu uko mbali na moto. Tegemea dakika 12 hadi 15 kabla halijawa tayari. Katikati patakuwa na joto kuliko kingo. Nilidhani hiyo ni kasoro mpaka nilipoanza kuitumia: katikati nabania, pembeni naegesha kilichoiva. Tena upande wa wavu ulio wazi unabaki kwa kazi yake. Kuchoma mahindi kwenye moto huku vitunguu vinakaangwa kando, jiko moja, ni raha ambayo njia nyingine mbili haziwezi kukupa.

Kurudi kwenye wavu ni kuliondoa tu likishapoa. Bamba la chuma cha pua la sentimita 30 kwa 40 lenye unene wa milimita 5 lina uzito wa kilo 4.7 hivi, mtu mmoja analibeba hadi kwenye sinki bila kuhema.

Linamfaa anayepikia watu wawili hadi wanne, anayeutaka wavu mara kwa mara, na yule ambaye bado hajui kama kupika kwa bamba kutamfaa. Kwa aliyeko katika kundi hilo la mwisho niongeze neno moja: jaribu kwanza kikaango kizito cha chuma ulichonacho ndani, kiweke juu ya wavu wiki mbili tatu, ila hakikisha mpini wake si wa plastiki wala mbao. Wengine hugundua hapo kwamba walichokuwa wanakitafuta walikuwa nacho tayari.

Njia ya pili: bamba zima mahali pa wavu

Huku ndiko kugeuza jiko hasa, na ndiko makosa yanakotokea. Nitakaa hapa kidogo.

Kama kiwanda kilichotengeneza jiko lako kinauza bamba la kutoshea aina hiyo, sehemu kubwa ya hesabu imeshafanywa kwa niaba yako. Litakuwa na vijiguu vya kulinyanyua, uwazi nyuma au pembeni, na tundu la mafuta linaloelekea kwenye trei ile ile. Soma maelekezo yake kuhusu kifuniko, kwa sababu mabamba mengi ya namna hii yanataka kifuniko kiwe wazi muda wote moto unapowaka.

Kama unalichongesha kwa fundi, hesabu ni zako. Pima ndani ya jiko, kutoka ubavu hadi ubavu, pale wavu unapokalia. Usikate kwa kipimo hicho kamili. Chuma cha pua hutanuka: bamba la sentimita 60 likipanda nyuzi 230 linaongezeka karibu milimita 1.7. Si kingi, lakini bamba lililobanana na kuta za jiko halitakuwa na pa kwenda, litabenuka au litasukuma kuta. Acha milimita 5 kila ubavu. Kwa nyuma acha sentimita 4 au 5, na kwa chini weka vijiguu vya sentimita 1 hadi 2 ili hewa ipite pia kandokando. Wengine wanaona uwazi wa nyuma ni eneo la kupikia lililopotea. Eneo hilo ndilo linalolipia moto wa buluu.

Kuta za pembeni na nyuma zikiwa na kimo cha sentimita 4 au 5 zinatosha kuzuia mafuta na chakula visiruke. Mwambie fundi achomelee kwa vipande vifupi, mara upande huu mara upande ule, maana akivuta mstari mmoja mrefu bamba litavutwa na joto la kuchomelea na kupinda kabla hata halijafika jikoni. Pale kuta zinapoungana na bamba hakikisha hapabaki upenyo, kwa kuwa mafuta ya moto hupenya hata pale ambapo maji yangesita. Mfereji uwe mbele au ubavuni, na tundu lake liwe juu kabisa ya njia ya trei. Jiko lenyewe liinamishe kidogo sana kuelekea upande wa tundu. Mtihani wake ni rahisi: bamba likiwa baridi, mimina kikombe cha maji upande wa mbali uangalie yanakwenda wapi. Yakitulia katikati, rekebisha vijiguu kabla ya kuwasha moto wowote.

Vile vibati vya pembe juu ya vichomeo usivitoe. Kuna ushauri unaozunguka kwamba ukivitoa bamba litapata moto moja kwa moja na kuwahi kupashika. Litawahi, kweli, lakini litakuwa na mistari ya joto kali juu ya kila kichomeo na baridi katikati yake, na siku mafuta yakimwagika hakuna cha kuyakinga.

Sasa joto. Bamba la sentimita 60 kwa 40 lenye milimita 6 lina kilo 11 na ushee. Kulipandisha nyuzi 200 kunahitaji kilojuli 1,100 hivi. Hata tukikadiria kwamba theluthi moja tu ya moto ndiyo inayoingia kwenye chuma, hiyo ni gramu 70 hivi za gesi, kwa hiyo gharama ya kupasha si ya kutisha. Kinachohitajika ni uvumilivu. Anza na moto wa chini dakika tano, kisha wa kati. Ukiwasha vichomeo vyote hadi mwisho chini ya bamba baridi, uso wa chini unatanuka kabla ya wa juu, na bamba linajikunja kama jani. Faida unaipata baadaye: chuma kingi kimebeba joto jingi, ukitupa nyama baridi ya watu wanane bamba halishtuki. Na kwa kuwa kila kichomeo kina swichi yake, unaweza kuwa na upande wa nyuzi 220 wa nyama na upande wa 150 wa mayai.

Kurudi kwenye wavu ndilo deni la njia hii. Lazima bamba lipoe, ulikwangue, ulibebe kilo 11, utafute mahali pakavu pa kuliweka, ndipo urudishe wavu. Ukichagua milimita 10 uzito unakaribia kilo 19, na hiyo si kazi ya mtu mmoja mwenye mgongo anaoujali. Kutokana na hilo, wengi wanaoweka bamba zima hawautumii wavu tena ila mara moja moja. Jiulize kwa ukweli kama hilo unalikubali.

Njia hii inamfaa mwenye jiko zima lenye afya, vichomeo visivyotoboka na kuta zisizoliwa na kutu, anayepikia watu wengi, asiye na nafasi ya jiko la pili, na ambaye kati ya mara kumi anazopika nje, mara saba au nane anataka uso bapa. Haimfai mwenye jiko lililochoka. Kulibebesha jiko bovu bamba la kilo 11 ni kuongeza mzigo juu ya ubovu.

Njia ya tatu: jiko la bamba lenyewe

Jiko hili limeundwa kinyume na la kuchomea. Vichomeo viko karibu na bamba, hewa inaingia na kutoka ubavuni, na bamba limekaa juu kama kifuniko bila kuziba chochote, kwa hiyo swali la hewa limejibiwa kiwandani. La mafuta pia: tundu na kikombe chake vimo tangu mwanzo, ingawa mahali pa tundu panatofautiana, mengine mbele, mengine nyuma, na la mbele ni jepesi kulitumia kwa sababu unasukuma mabaki kuelekea kwako ukiyaona.

Joto linapanda haraka kuliko njia nyingine mbili na limeenea vizuri zaidi. Adui yake ni upepo. Ule uwazi wa ubavuni unaomsaidia moto kupumua ndio huohuo unaoingiza upepo, na siku ya upepo mkali utaona upande mmoja wa bamba umepoa huku mwingine unatoa moshi. Jiko la kuchomea lenye kuta ndefu lina kinga hiyo kwa asili.

Wavu haupo tena katika jiko hili. Harufu ile ya mafuta yanayodondokea moto na kuipandia nyama kwa moshi huipati kwenye bamba, liwe la gharama gani. Ukiwa na majiko yote mawili hupotezi kitu isipokuwa nafasi, ila nafasi nayo ni kitu: ni jiko la pili, mtungi wa pili au kubadilishana mmoja, turubai la pili la kufunikia. Bamba lake ni kubwa na linakaa nje, kwa hiyo kila baada ya kupika lazima lipakwe mafuta na kufunikwa, la sivyo umande wa usiku mmoja unatosha kulipaka rangi ya kutu.

Linamfaa anayepika kwa bamba karibu kila wiki, anayepikia kundi kubwa au kwa biashara, mwenye nafasi, na yule ambaye jiko lake la kuchomea liko ukingoni mwa kufa kiasi kwamba kulitengeneza na kulinunulia bamba kunakaribia gharama ya jipya.

Sasa chuma

Chuma cha kusubu kinashika joto vizuri na kinayashika mafuta vizuri, lakini ni kizito, na kikimwagiwa maji baridi kikiwa cha moto kinaweza kupasuka. Kwa bamba dogo nakipenda sana. Chuma cha pua cha kawaida ndicho ningempa fundi: kinakatika, kinachomelewa, kikiangushwa hakivunjiki, na kutu yake inatibika kwa kukwangua na kupaka mafuta upya. Milimita 5 au 6 zinatosha kwa nyumbani.

Stenlesi inavutia kwa kuwa haishiki kutu, ila kwenye kupitisha joto ni mvivu. Kwa kipimo cha wati kwa mita kwa nyuzi, alumini safi ni 235 hivi, chuma cha pua cha kawaida na cha kusubu viko jirani ya 50, na stenlesi ni 15 hivi tu. Kwa hiyo juu ya kila kichomeo kunakuwa na doa la moto, na bamba likiwa jembamba linabenuka kwa kelele. Ikiwa unaishi karibu na bahari na kutu inakusumbua, stenlesi nene inaweza kustahili uvumilivu huo. Alumini ni nyepesi na inapitisha joto upesi, lakini mara nyingi huja na mpako usionatisha wa PTFE (Tefloni), ambao huanza kuharibika ukipita nyuzi 260 hivi, na bamba tupu juu ya vichomeo vya gesi linaweza kufika huko bila wewe kujua.

Usitumie bati lililopakwa zinki. Zinki ikiungua hutoa moshi unaomletea mtu homa na kutetemeka. Vilevile epuka chuma cha kuokota chenye rangi au historia usiyoijua.

Kulizoesha bamba mafuta

Hatua hii ni moja kwa njia zote. Chuma kipya cha pua hutoka kiwandani na mafuta ya kuzuia kutu, na mara nyingi na magamba meusi yaliyogandamana. Mafuta yanaondoka kwa maji ya moto na sabuni. Magamba yanaondoka kwa kulaza bamba kwenye siki usiku kucha, kisha kulisugua, kulisuuza na kulikausha papo hapo juu ya moto mdogo. Ndipo unapaka mafuta ya kupikia, tone dogo, na kuyafuta kana kwamba ulipaka kwa makosa. Hapo usikwepe. Mafuta mengi yanafanya utando unaonata, mafuta machache yanageuka kuwa utando mgumu mweusi. Pasha mpaka moshi ukome, acha lipoe kidogo, rudia mara tatu hadi tano.

Kulijua joto bila kipimajoto, dondoshea tone la maji kwenye bamba kavu. Likikaa tu na kupata joto taratibu, bado. Likitawanyika na kuchemka kwa kelele, umepita nyuzi 100, subiri kidogo uanze mayai. Likijikunja kuwa shanga na kukimbia juu ya chuma kama lina miguu, uko jirani ya nyuzi 200 au juu yake: tone limebebwa na mvuke wake lenyewe, jambo alilolieleza daktari Mjerumani Johann Gottlob Leidenfrost mwaka 1756. Hapo weka nyama.

Baada ya kupika, kwangua lingali na joto la wastani, mwagia maji ya uvuguvugu kidogo, si baridi, sukuma uchafu kwenye tundu, kausha, paka mafuta. Nyanya, limao na siki vinakula utando, kwa hiyo vikigusa bamba usiviache vilale.

Kwa hali yako

Kama unapikia familia ndogo na wavu unaupenda, chukua bamba dogo la chuma cha kusubu lenye ukingo na mfereji. Kama unapika nyama yenye mafuta mengi kila mara, bamba dogo litakuchosha, nenda kwa zima au kwa jiko lenyewe.

Kama una jiko imara, huna nafasi ya jingine, na wavu umekaa miezi bila wewe kuukumbuka, bamba zima ndilo lako. La kiwandani likipatikana kwa jiko lako lichukue hilo, lisipopatikana tafuta fundi, na usimkabidhi kazi kabla hujachora uwazi wa nyuma na tundu la mafuta kwenye karatasi.

Kama eneo lako lina upepo muda mwingi, jiko la kuchomea lenye bamba zima ndani ya kuta zake litakutumikia vizuri kuliko jiko la bamba lililo wazi, isipokuwa una ukuta wa kulikinga. Kama umepanga nyumba, au unahama mara kwa mara, uzito uwe kipimo chako cha kwanza.

Kama swichi zako ni za plastiki na zimekaa karibu na ukingo wa wavu, au mpira wa gesi unapita karibu na tumbo la jiko, usiweke bamba zima. Bamba dogo, nusu wazi, ndilo kikomo cha jiko hilo.

Na njia yoyote utakayoichagua, mara ya kwanza washa bila chakula. Paka maji ya sabuni kwenye maungio ya mpira na regyuleta uangalie kama yanatoa mapovu. Washa moto wa kati, kaa nao dakika 15, gusa kila swichi kwa mgongo wa kidole, halafu inama uangalie rangi ya moto.